Vibanio vya nguo vinavyohimili jua na chumvi ya pwani

SWALI: Habari za kazi. Naishi Tanga, Raskazone, nyumba yetu iko kama mita mia tatu kutoka baharini. Tuko watu sita na nafua mara tatu kwa wiki. Tangu mwaka jana nimenunua dazeni sita za vibanio vya plastiki, vile vya rangirangi, na sasa vilivyobaki havizidi ishirini. Vingine vinapasuka nikivibonyeza tu, vingine springi imeshika kutu mpaka kanzu nyeupe za mume wangu zimepata madoa ya rangi ya chai. Nikajaribu vya mbao, vikaota ukungu mweusi. Je, kuna vibanio vinavyodumu nje kweli, au ndiyo tukubali kununua kila mwezi?

JIBU: Vipo, dada. Ila kabla hujatoa pesa tena, jua kwamba vibanio vyako vina maadui wawili, na kila mmoja ana sehemu yake. Jua linakula mwili wa plastiki. Chumvi inakula springi. Ndiyo maana ndugu yako wa Dodoma anaweza kukusifia vibanio fulani kuwa amekaa navyo miaka mitatu, wewe ukavinunua hivyohivyo vikakufia ndani ya miezi mitano. Jua analo kama lako, bahari hana.

Tuanze na mwili. Vibanio vya rangirangi vinavyouzwa kwa dazeni sokoni karibu vyote ni vya polipropilini, plastiki ileile ya viti vya plastiki. Si plastiki mbaya: ni nyepesi, haisumbuliwi na maji wala sabuni, na ikiwa mpya hupinda bila kuvunjika. Udhaifu wake ni mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo ikisaidiana na oksijeni ya hewani hukata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa plastiki unyumbufu wake, ikabaki vipande vifupi visivyoshikana. Tanga mko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Mchana kipimo cha mionzi hiyo mara nyingi hufika 11 na kupita, kiwango cha juu kabisa katika ngazi za Shirika la Afya Duniani. Joto nalo huharakisha kazi.

Dalili zake zinaonekana mapema ukijua pa kutazama. Kwanza rangi inapauka upande mmoja, ule unaotazama juu. Kisha mng'ao unapotea, na ukipitisha kidole unabaki na unga mweupe. Hapo ndani ya kibanio bado mna uzima kidogo, lakini juu pameshajaa nyufa ndogondogo ambazo jicho halizioni. Kibonyeze, kitapasukia palepale vinapopasukia vyote: kwenye mfereji inapokaa springi. Hapo ndipo plastiki ni nyembamba kuliko kwingine, na ndipo nguvu yote ya springi inapokutana na nguvu ya vidole vyako. Kibanio kilichoanza kutoa unga usikisubiri kivunjike, kiondoe kwenye kamba. Kikipasuka chenyewe huachia nguo mchangani, na kwetu nguo mbichi iliyoanguka mchangani si suala la vumbi tu. Yupo yule inzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu, ambaye funza wake huingia ngozini. Nguo ya namna hiyo ifuliwe tena, au ipigwe pasi ya moto pande zote mbili pamoja na kwenye mishono.

Kiwandani ipo dawa ya jua. Huchanganywa ndani ya plastiki kabla ya kumiminwa kwenye umbo, na wakati mwingine pakiti huandikwa herufi UV, yaani ile mionzi ya urujuanimno. Dawa ya zamani na ya uhakika ni masizi safi, kaboni nyeusi. Yale mabomba meusi ya maji yanayolazwa juani miaka na miaka yana asilimia 2 na kidogo ya masizi hayo, na ndiyo siri yake. Kwa hiyo ukilazimika kununua polipropilini, chukua nyeusi. Vile vinavyopitisha mwanga kama kioo ndivyo vinavyotangulia kufa, kwa kuwa mionzi hupenya mpaka ndani. Rangi kali za kupendeza, nyekundu na waridi hasa, hupauka haraka. Kupauka peke yake hakumaanishi kuvunjika, lakini kunakuonyesha jua limeshaingia kiasi gani.

Plastiki nyingine zinazotumika ni nailoni, polikaboneti na ABS. Nailoni na polikaboneti ni ngumu kuvunjika kuliko polipropilini, na kibanio kizito cha nailoni chenye dawa ya jua ni kitu cha kuheshimika. Muuzaji hatakwambia kimetengenezwa kwa nini, lakini beseni la maji litakusaidia. Nunua kimoja, toa springi, tia tone la sabuni majini ili viputo vya hewa visikudanganye, kisha kizamishe kwa kidole na kukiachia. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo itaelea. Nailoni ina 1.14, polikaboneti 1.2, zitazama. ABS nayo huzama, ila kwa kusitasita, maana ina 1.05 tu, ukikoroga chumvi kidogokidogo katika maji hayohayo itapanda juu mapema, nailoni ikiwa bado chini. Chunga kitu kimoja: plastiki ile ngumu ya kioo inayolia “ta!” ukiiangusha sakafuni, nayo huzama kama ABS, lakini hiyo hupasuka kama kigae. Kwa kibanio cha nje usiitake kabisa.

Sasa springi, ambayo ndiyo iliyokuharibia kanzu.

Springi ya kibanio cha bei ya chini ni waya wa chuma uliopakwa zinki kwa umeme. Tabaka lenyewe ni jembamba mno, mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Bati la kuezekea linalodumu lina zinki nene kuliko hiyo, na hata hilo hapo Raskazone mnajua linavyochakaa. Watu wengi hufikiri kutu huletwa na nguo mbichi. Nguo inachangia, lakini mharibifu mkubwa hufanya kazi usiku. Upepo wa baharini huleta chembe za chumvi, zikatua kwenye springi. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani yenyewe pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, na pwani usiku hupita kiwango hicho karibu kila siku. Kwa hiyo kibanio ulichokiacha kwenye kamba kikavu saa kumi na mbili jioni, saa nane za usiku springi yake imekaa ndani ya tone la maji ya chumvi, hata kama haijanyesha mwezi mzima. Asubuhi linakauka, jioni linarudi. Zinki ikishaliwa, chuma kinaanza kutoa kutu, na umande unaiteremsha kwenye taya za kibanio. Nguo inayofuata inapigwa muhuri.

Hapa kuna jambo la kuhakikisha kabla ya kuvilaumu vibanio. Tazama umbo la madoa. Doa la kibanio ni dogo, upana wa sentimita moja hivi, na hukaa mawilimawili pale ulipobana. Likiwa ni mstari mrefu unaokatiza nguo, mwenye kosa ni waya wa kuanikia, na ukibadili vibanio peke yake utakuwa umefukuza paka ukamwacha panya.

Kibanio chenye springi kimeanzia mbali na bahari yetu. David M. Smith wa Springfield, Vermont, Marekani, alikisajili mwaka 1853, na mwaka 1887 Solon E. Moore wa Vermont hiyohiyo akaleta springi ya kujizungusha tunayoijua leo. Umbo halijabadilika sana tangu hapo. Lina sehemu tatu na viungio viwili, na katika kila kiungio pana uwazi mwembamba wa kuhifadhi maji na chumvi. Kwa nyumba iliyo mita mia tatu kutoka ufukweni, ushauri wetu ni kuachana na umbo hilo kwa nguo nzito na kununua vibanio vya waya mmoja: waya wa stenlesi unaopindwa ukazunguka ukawa taya, mkono na springi kwa pamoja. Hakuna plastiki ya kuliwa na jua, hakuna springi ya kuchomoka.

Lakini stenlesi si kitu kimoja, na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Namba tatu utakazokutana nazo ni 201, 304 na 316. Zote hujikinga kwa utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu. 304 ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli 8. Katika 201 nikeli imepunguzwa ili kushusha bei, ikatiwa manganizi badala yake, na ulinzi wake dhidi ya chumvi ni hafifu. 316 imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia kloridi ya bahari kutoboa ule utando. Kwa Dodoma, Arusha au Nairobi 304 inatosha na kubaki. Kwa mita mia tatu kutoka baharini 304 itaota wekundu wa juujuu baada ya muda, hasa isipooshwa. Haitakatika, lakini utakuwa unaifuta. Wewe chukua 316. Pakiti iliyoandikwa “stenlesi” bila namba, ihesabu kuwa 201 mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo.

Usidanganywe na sumaku. Wengi huamini kwamba sumaku isiponasa basi ni stenlesi nzuri. 201 nayo hainaswi ikiwa haijapindwa, wakati 304 halali, ikishavutwa kuwa waya na kupindwa, huanza kunaswa kidogo. Sumaku inakufaa kwa jambo moja tu: ikinasa kwa nguvu, kama inavyonasa msumari, kirudishe kibanio dukani.

Jaribio lenye maana zaidi ni la chumvi. Nunua viwili tu kwanza. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwenye kikombe cha maji, lowanisha kitambaa, funga kibanio kimoja ndani yake, kiweke kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa ili hewa iingie. Kila siku lowanisha tena. Chuma cha kawaida kilichopakwa mng'ao huchafua kitambaa ndani ya siku chache, na stenlesi dhaifu mara nyingi huonyesha vitone ndani ya wiki moja au mbili, ikianzia kwenye mapindo na kwenye ncha zilizokatwa. Jaribio hili halitakutenganishia 304 na 316, hilo linabaki kuwa suala la kumwamini muuzaji. Ila takataka litaifichua.

Unene wa waya nao ni wa kupima. Vipo vya mm 1.5 mpaka 2.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ugumu wa waya hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake: waya wa mm 2 ni mgumu karibu mara mbili na nusu kuliko wa mm 1.6. Kwa shuka na suruali za jinzi usishuke chini ya mm 2. Kwa leso, soksi na nguo za watoto mm 1.7 unatosha, na vidole havitachoka. Kagua ncha: ziwe zimepindwa kwa ndani au zimeviringwa, si kukatwa tu. Ncha kali itavuta nyuzi za taulo na kutoboa baibui na vitambaa vyote vyepesi. Ubaya mwingine wa vibanio hivi ni kwamba ukivilazimisha kufunguka kupita mwisho wake, waya hupinda na haurudi tena. Usivibanie mkeka wala blanketi zito lililokunjwa mara nne.

Kuhusu bei, vitakushtua. Fanya hesabu hii: kibanio kinachodumu miezi minne utakinunua mara 15 katika miaka mitano. Kwa hiyo kibanio cha 316 hata kikiuzwa mara nane ya kile cha plastiki, kikikaa miaka mitano umepata nafuu, bila kuhesabu kanzu. Na hakuna ulazima wa kubadili vyote. Kwa watu sita na ufuaji wa mara tatu kwa wiki, vibanio 60 vinatosha: 30 vya waya wa mm 2 kwa shuka, kanzu, jinzi na taulo, na 30 vya plastiki nyeusi au nailoni kwa nguo nyepesi. Hivyo vya plastiki chagua ambavyo badala ya springi ya chuma vina pete ya plastiki, au springi yake ni ya stenlesi. Kufungua na kuangalia ni kazi ya sekunde tano; muuzaji anayekataa ufungue hata kimoja ana sababu yake.

Vibanio vyako vya mbao havikukosea sana, vilikuwa tu vya mti usiofaa hapo. Vingi huletwa vikiwa vya mbao laini nyeupe zisizopakwa kitu. Mti wa namna hiyo hunywa maji ya nguo, na usipokauka usiku kucha ukungu huota. Ule weusi usiotoka hata kwa kusuguliwa si ukungu wote: kutu ya springi ikikutana na asidi za ndani ya mti hutoa wino mweusi. Lakini ninyi mna bahati ambayo wengine hawana. Muheza, jirani yenu, ipo misitu ya mtiki ya Longuza, na mtiki, ambao wengine huuita msaji, una mafuta yake ya asili yanayosukuma maji. Maseremala hubakiwa na vipande vidogo visivyo na kazi. Mpe fundi kipimo hiki akutengenezee vibanio vya kizamani visivyo na springi: kipande cha urefu wa sm 11, unene wa mm 15 kwa mm 15, nyuzi za mti zikienda kwa urefu. Atoboe tundu la mm 5 sentimita 6 kutoka mwisho mmoja, kisha apasue kwa msumeno kutoka mwisho huo mpaka tunduni. Mdomo wa mpasuo uwe mm 9 na uzidi kubana kuelekea ndani mpaka mm 4. Lile tundu si pambo. Mpasuo unaoishia kwenye pembe kali huendelea kupasuka wenyewe, ukiishia kwenye duara nguvu husambaa na ufa husimama. Nyuzi zikienda kwa kukatiza, kibanio kitavunjika siku ya kwanza, kwa hiyo hakikisha hilo kabla hujalipa.

Msasa ni lazima, ndani ya mpasuo kuliko nje. Halafu viloweke kwenye ndoo ya maji siku tatu ukibadili maji kila asubuhi, kwa sababu mtiki mpya hutoa rangi ya kahawia. Vibane kwenye kitambaa cheupe kilicholowa, viache usiku mmoja. Kitambaa kikibaki cheupe, vimekuwa tayari kwa kanzu. Vibanio hivi hushika kwa kujikaza kama kabari, kwa hiyo vinataka kamba nyembamba, mm 3 hadi 4, na havifai kwa nguo nene.

Na kamba ndiyo jambo ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Kibanio cha springi kimeundwa kushika kamba ya mm 3 mpaka 6 hivi. Ukitumia kamba ya katani ya mm 10, taya hukaa wazi muda wote, springi imevutwa hata kabla nguo haijaingia, na plastiki inayokaa ikiwa imekazwa siku nzima juani hupasuka mapema zaidi kuliko iliyopumzika. Tanga ni nyumbani kwa mkonge na hatuwezi kuusema vibaya, lakini kamba yake ikilowa hutoa rangi na huchelewa kukauka. Iachie ng'ombe na mizigo. Waya wa chuma mtupu nao haufai. Mbali na mistari ya kutu, chembe zake hushika kwenye vibanio vya stenlesi na vyenyewe vikaonekana vimeoza, kumbe ni uchafu wa kuambukizwa. Hata waya wa zinki, vibanio vya stenlesi vikiachwa vimeubana kwenye unyevu wa chumvi, zinki ya pale vilipobana huliwa kwanza. Kamba nzuri ni ya poliesta iliyosukwa, mm 4 au 5, ambayo huvumilia jua kuliko nailoni na kuliko ile ya plastiki ya rangi inayokatikia mikononi. Ifute kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanika. Utashangaa kitambaa kitakavyotoka, hasa miezi ya kusi.

Kusi lenyewe, kuanzia Juni mpaka Agosti linapovuma kwa nguvu, ndilo linalopima namna unavyoanika. Shuka la futi tano kwa sita lenye gramu 700 likiwa kavu hutoka mkononi likiwa na maji ya uzito kama huohuo au zaidi, yaani karibu kilo moja na nusu. Ukilibana kwa ukingo kwa vibanio vitatu, kila kimoja kinabeba nusu kilo, kisha upepo unakuja kuzidisha. Lilaze juu ya kamba nusu huku nusu kule, uzito ubebwe na kamba, vibanio vinne viwe vya kuzuia upepo tu. Khanga nayo ipitishe juu ya kamba kiasi cha sm 15, ubane kwenye pindo ambapo pana mshono, si katikati ya mji. Jinzi igeuze ndani nje, ibane kiunoni kwa vibanio viwili, na usibane juu ya kifungo wala kwenye mshono mnene wa pembeni. Kubana nguo mbili kwa kibanio kimoja kunaokoa vibanio kwa nguo nyepesi. Kwa taulo kunavivunja.

Lililo muhimu kuliko yote halina bei: ukianua nguo, anua na vibanio. Kamba inapata mwanga wa mchana saa 12, siku saba, jumla saa 84 kwa wiki. Nguo zako zikikauka kwa saa nne, mara tatu kwa wiki, vibanio vinahitaji kuwa nje saa 12 tu. Umepunguza jua mara saba, na umeviondoa kwenye ule umande wa chumvi wa usiku, ambao plastiki haujali lakini springi unaimaliza. Pa kuvitia si lazima pawe pa kununua. Dumu la mafuta la lita 5 lililooshwa vizuri, likakatwa mdomo mpana upande wa juu chini ya mkono wake na kutobolewa matundu kumi chini, linaning'inia kwenye kamba wakati wa kuanika na kuingia ndani ya baraza jioni. Matundu usiyasahau. Vibanio vibichi ndani ya chombo kilichozibwa hushika kutu kuliko vilivyo nje.

Mara moja kwa mwezi vitie vyote kwenye ndoo ya maji baridi, si ya kisima chenye chumvi, vikae nusu saa, vikung'ute, vikauke kivulini. Stenlesi hasa hupenda hili: si kwa ajili ya urembo, bali chumvi isipate muda wa kukaa mahali pamoja. Na nguo uliyotia dawa ya klorini ya kung'arishia isuuze vizuri kabla ya kuibana, kwa kuwa klorini hushambulia hata 316. Kupaka springi rangi ya kucha, kama wengi wanavyoshauriana, hakusaidii. Rangi hukauka ikawa ngumu, springi ikijikunja inapasuka, na maji yanajificha chini yake.

Kanzu bado zinaweza kuokolewa. Kosa la kwanza ambalo watu hufanya ni kuzitia klorini, ambayo huikaza kutu ndani ya pamba. Kama umeshazitia, zisuuze kwanza kwa maji mengi mpaka harufu yote ya klorini iishe, tena kwa uangalifu, maana klorini ikikutana na ndimu hutoa gesi ya sumu. Kisha kamulia ndimu kwenye doa, nyunyizia chumvi, ilaze juani saa mbili ukiongeza ndimu ikikauka. Suuza, tazama, rudia. Doa la wiki mbili hutoka kwa mara moja au mbili, la miezi huhitaji mara tano na huenda likabaki kivuli. Kwa khanga za rangi jaribu kwanza kwenye pembe, kwa sababu ndimu na jua huweza kupausha.

Vile vibanio ishirini ulivyobaki navyo vitenge leo. Vinavyotoa unga tupa, pamoja na vyenye kutu. Vilivyobaki viingize jikoni: kibanio ambacho hakiwezi tena kushika kanzu kwenye kusi bado hufunga mfuko wa sukari vizuri tu.